Povu jingi si usafi

Mama mmoja alimleta zahanati binti yake wa miaka minne. Ngozi ya kichwa na ya nyuma ya masikio ilikuwa nyekundu, imepasuka na inawasha. Mama alieleza kuwa shampuu aliitupa, kwani aliambiwa kemikali ya povu inaleta saratani. Sasa anamwosha kwa sabuni ya unga ya kufulia. Aliruka majivu, akakanyaga moto.

Kemikali inayosemwa ni sodiamu lauri salfeti, kwa kifupi SLS. Upande mmoja wa chembe yake hushikana na maji, wa pili hushikana na mafuta. Hivyo hung'oa mafuta yaliyobeba uchafu, yakaondoka na maji. Povu lenyewe ni hewa iliyonaswa tu. Ndiyo maana nywele zenye mafuta mengi hutoa povu dogo mara ya kwanza, na jingi mara ya pili, mafuta yakishapungua.

Je, inaleta saratani? Uvumi huo ulienea kwa barua pepe mwishoni mwa miaka ya 1990, na ushahidi wa kitabibu haukuuunga mkono. Mwaka 1983 jopo la wataalamu wa vipodozi nchini Marekani lilisema SLS ni salama ikitumiwa kwa muda mfupi na kusuuzwa vizuri. Katika vitu vinavyobaki mwilini isizidi asilimia 1. Nduguye SLES ni mpole zaidi kwa ngozi. Huweza kuwa na mabaki kidogo ya dayoksani, inayoshukiwa kuleta saratani, lakini kiwanda makini huyapunguza.

Madhara ya kweli ya SLS ni kuwasha ngozi na kuikausha, hasa ikikaa muda mrefu. Mtoto mchanga na mwenye pumu ya ngozi huumia zaidi. Ama sabuni ya unga, hiyo ina ukali wa kung'oa uchafu wa nguo, na mara nyingi huchanganywa na magadi. Mahali pake ni kwenye beseni la nguo, si kichwani mwa mtoto.

Basi tufanye hivi:

1. Tumia shampuu kidogo, kisha suuza mpaka utelezi uishe.

2. Kichanga aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, isiyo na manukato.

3. Povu likiingia machoni, osha kwa maji mengi safi.

4. Sabuni si sharti la udhu wala la josho la janaba. Anayetawadha mara tano kwa siku akitumia sabuni kila mara atakausha ngozi bure. Sabuni ya mikono isikosekane baada ya chooni na kabla ya kula.

5. Ngozi ikitoa maji au usaha, nenda kituo cha afya.

Yule binti aliachishwa unga, akapewa dawa na kupakwa mafuta mazito kila baada ya kuoga. Baada ya wiki mbili ngozi ilikuwa imefunga. Shampuu, mama alinunua nyingine.