Hesabu ya Walio Ghaibu

Mzee mmoja wa Tanga, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua yenye swali linalofanana na kitendawili. Amesoma kwamba mwishoni mwa mwaka 2024 shirika la UNICEF lilitangaza kuwa watoto milioni 150 wa chini ya umri wa miaka mitano, duniani kote, hawakuandikishwa kuzaliwa kwao katika daftari la serikali yoyote. Naye auliza, kwa adabu lakini kwa ukali wa mtu aliyepata kuwa karani: ikiwa hawakuandikwa, nani aliyewahesabu? Aongeza kwamba mjukuu wake mwenyewe, aliyezaliwa garini njiani kwenda hospitali, alichanjwa siku ya pili na akatiwa katika kitabu cha chanjo, ilhali kitabu cha wodi ya wazazi hakimjui, na kwa sababu hiyo mama yake alirejea nyumbani bila ya tangazo la kizazi mkononi.

Jibu fupi ni kwamba takwimu zile za dunia aghalabu hupatikana kwa kupita kaya kwa kaya na kuwauliza akina mama kama mtoto ana cheti. Njia hiyo ni ya haki, wala sina neno nayo ila kwamba hainisisimui. Faida za cheti cha kuzaliwa nazo sitazieleza, kwani kila aliyepata kumpeleka mtoto shule, au kuomba pasipoti, azijua kwa uchungu wa miguu yake. Nitakalo ni kueleza njia nyingine, nzuri zaidi kwa macho yangu, ambayo kwayo vitabu viwili vyenye upungufu, vikilazwa ubavu kwa ubavu, hutoa ushahidi juu ya wale wasiokuwamo katika hiki wala kile.

Na tumwazie mvuvi wa dema ambaye, katika kidimbwi kikubwa cha mwambani kinachozingirwa na matumbawe pande zote, amepata kwa siku kadhaa changu 400, na badala ya kuwapeleka sokoni kama afanyavyo mtu mwenye akili timamu na mke nyumbani, amkata kila mmoja ncha ndogo ya pezi la mkia kwa mkasi na kumrudisha majini. Majirani wamcheka, yeye anyamaza, angoja maji yajae na kupwa mara kadhaa hata samaki wake wachanganyike na wenziwe, kisha atega tena, mahali pengine na kwa chambo kingine, apata changu 300, awageuza mmoja mmoja kutazama mikia, na aona kwamba 240 kati yao wana ile alama ya mkasi. Hapo akae juu ya ukingo wa mtumbwi wake na kutafakari. Sehemu nne katika tano za samaki wa mtego wa pili zina alama. Na maadamu mtego wa pili haukuchagua, yamkini sehemu nne katika tano za samaki wote wa kidimbwi zina alama pia. Na kwa kuwa alama alizozitia yeye ni 400, basi samaki wote ni 500. Kwa macho yake amewaona 460 tu, yaani 400 wa kwanza na 60 wapya wa pili. Waliobaki ni 40, ambao hawakuingia katika dema lolote, hakuna aliyewashika wala kuwaona, na hata hivyo idadi yao yajulikana.

Nakiri kwamba kila nikiirudia hesabu hii nashikwa na furaha ile ile ya kwanza. Johannes Petersen, mtaalamu wa Denmark, aliwatia alama samaki bapa wa Limfjord katika miaka ya 1890. Frederick Lincoln akaitumia fikira hiyo kwa bata wa Marekani mwaka 1930. Na mwaka 1949 Chandra Sekar wa Bara Hindi pamoja na William Edwards Deming, huyo ambaye baadaye alisifika Japani kwa mafunzo ya ubora viwandani, waliiondoa majini na kuitia katika madaftari ya vizazi na vifo, wakilinganisha orodha ya msajili na orodha iliyokusanywa nyumba kwa nyumba huko Singur, karibu na Calcutta.

Jina la njia hii kwa Kiswahili lanisumbua. Nimepata kusikia "ukamataji-rejea", neno ambalo kwa sikio langu lanuka kituo cha polisi, kana kwamba mtoto mchanga ameruka dhamana. "Mtego wa pili" lina ladha ya bahari, lakini lautaja mtego na kuwasahau waliokosekana, ilhali wao ndio kusudio. Mimi nitasema "hesabu ya ghaibu", na zile 240 zilizoonekana pande zote mbili nitaziita "makutano". Mwenye jina bora na alilete.

Sasa wekeni mtoto mahali pa samaki. Katika mji wetu wa mfano, daftari la msajili lina watoto 400 wa mwaka mmoja, kitabu cha chanjo kina 300, na makutano ni 240. Jawabu ni lile lile, 500, na walio ghaibu ni 40. Lakini mvuvi alikuwa na alama ya mkasi, isiyobishaniwa. Karani ana jina na tarehe, na hapo ndipo usahihi wa maandishi ya hospitali, ambao wengi huuona ni jambo la unadhifu tu, unapokuwa roho ya hesabu yenyewe. Khadija wa daftari moja ni Hadija wa la pili. Fatma ni Fatuma. Tena mama hutolewa wodini aghalabu siku moja baada ya kujifungua, na jina la mtoto, katika nyumba nyingi za pwani, hungoja akika ya siku ya saba. Hivyo muuguzi huandika "Mtoto wa Mwanaisha", na wodini usiku ule kina Mwanaisha ni watatu.

Na saa zetu je? Mimi nilizaliwa saa mbili za usiku, Alhamisi kwa hesabu ya hospitali, ambayo siku yake hugeuka katikati ya usiku. Bibi yangu, ambaye siku yake iligeuka jua lilipotua, alisema hadi kufa kwake kwamba nilizaliwa usiku wa Ijumaa. Karani mmoja akazipatanisha kauli hizo kwa kuniandika Ijumaa, saa 2:00 ya alfajiri, kwa kuisoma saa ya Kiswahili kama ya Kizungu, nikasogezwa saa sita na siku nzima ya kalenda. Tuseme makosa ya namna hii yafiche makutano 40 tu, 240 zikaonekana 200: jumla yapanda kutoka 500 hadi 600, na mji wapata watoto 100 ambao hakuna mama aliyewazaa.

Kuchelewa huzidisha taksiri hii, kwa kuwa kumbukumbu ya tarehe huchakaa, na kwa kuwa mwanamke aliyekwenda kwao kujifungua mimba ya kwanza hurudi kwa mumewe baada ya arobaini, akaacha kizazi katika wilaya moja na kupeleka chanjo katika nyingine. Samaki ameruka ukuta wa kidimbwi. Kwa hiyo ulikuwa uamuzi wa busara, katika mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013, kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano na kuwapa cheti papo hapo katika vituo vya afya na ofisi za kata, na taarifa ikatumwa kwa simu ya mkononi. Namba ya kadi ya kliniki ya mama, ikinakiliwa katika kila kitabu, ingetosha kuwa alama ya mkasi hata kabla ya akika.

Ni kweli kwamba hesabu hii yadai vitabu viwili visinakiliane, na kwamba mama wa hospitali huelekea kuingia katika vyote, hata walio ghaibu wakaonekana wachache kuliko walivyo. Chandra Sekar na Deming walilipunguza tatizo hilo kwa kuigawa orodha mafungu mafungu, na hapo tuliache.

Ama mjukuu wa mzee wetu, huyo hayumo katika wale 40. Kitabu cha chanjo chamjua na daftari la msajili halimjui, basi ni mmoja katika wale 60, samaki wa mtego wa pili mwenye mkia mzima. Na kama yeye na wenziwe wasingeonekana pale, tungedhani daftari la msajili limetimia, na wale 40 tusingejua kwamba wapo. Sheria ya Tanzania Bara yampa siku 90 tangu kuzaliwa, na kwa tarehe iliyo juu ya barua amekwisha kutumia 31.