KAMERA YA MBAO (Sehemu ya Pili): Karatasi 13 zilizoficha uso wa mzee

Mezani kwangu, hapa Musoma, zipo picha mbili. Ya kwanza niliipiga Butiama: mawe makubwa ya Mwitongo, mahali alipozikwa Mwalimu Nyerere. Kila ufa wa jiwe unaonekana. Ya pili niliipiga kesho yake kibarazani kwa jirani yangu, mvuvi mstaafu, akiwa ameketi na mikono yote miwili ameiegemeza kwenye bakora. Bakora imetoka safi, hata unaweza kuhesabu vifundo vya mti wake. Uso wa mzee umejaa ukungu, kana kwamba nilimpiga picha akiwa ndani ya chandarua.

Kamera ilikuwa ile ile, lenzi ile ile, filamu ya boksi moja. Nilipompelekea picha yake, mzee aliitazama kwa muda, akacheka. "Mwalimu, umeipiga picha fimbo, mwenyewe ukaniacha."

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kamera ya zamani ya Kijerumani, iliyoundwa kupokea vioo vya sentimita 9 kwa 12 vilivyopakwa dawa, inavyoweza kugeuzwa ipokee filamu. Tuliziba kasha, tukasafisha lenzi yake ya milimita 135, tukairudisha kwenye reli. Leo tunaingia kwenye vikorombwezo: vitu ambavyo kamera hiyo haifanyi kazi bila kuwa navyo, na ambavyo hutavipata dukani Mukendo wala Nyasho. Karibu vyote vinatengenezeka nyumbani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nakubaliana nao, ila kwa sharti moja. Katika kamera hii kuna kipimo kimoja kisichosamehe. Ukikijua hicho, mengine yote yanavumilia kadi, gundi na kaniki.

Kosa lilipojificha

Kamera hii haina tundu la kuchungulia. Unafungua lenzi, taswira inaangukia kwenye kioo cha ukungu kilicho mgongoni mwa kamera, kichwa chini miguu juu, nawe unasogeza lenzi mpaka unachokitaka kionekane vizuri. Kisha unakitoa kioo na kuweka kasha la filamu mahali pake. Kazi nzima inategemea imani moja: kwamba uso wa filamu umekaa pale pale ulipokuwa uso wa kioo.

Kasha la zamani lilibeba kioo chenye unene wa milimita 1.5 hivi. Filamu ina unene wa milimita 0.2 tu. Nilipoilaza chini kabisa ya kasha, uso wake ulirudi nyuma milimita 1.3. Ni kitu kidogo, lakini kwa lenzi ya milimita 135 na mtu aliyeketi umbali wa mita moja na nusu, milimita 1.3 nyuma ya lenzi zinakuwa kama sentimita 12 mbele yake. Fokasi ikahama machoni mwa mzee, ikatua kwenye bakora.

Mbona mawe ya Butiama yalisalimika? Niliyapiga nikiwa nimebana tundu la lenzi hadi f/22, ilhali kibarazani kulikuwa na kivuli, nikalifungua hadi f/4.5. Tukikubali ukungu usiozidi sehemu moja ya kumi ya milimita, filamu inaruhusiwa kukosea milimita 2.2 mbele au nyuma kwenye f/22. Kwenye f/4.5 inaruhusiwa milimita 0.45 tu. Kosa langu la milimita 1.3 lilikuwa kati ya hayo mawili: lilisamehewa kwenye mawe, likahukumiwa kwenye uso wa mtu. Ndiyo maana mwenye kamera kama hii anaweza kupiga milima mwaka mzima asijue kwamba kasha lake lina kasoro.

Kupima kwa rimu

Mwenye vernia atapima kwa vernia. Asiye nayo achukue rimu ya karatasi za fotokopi za gramu 80. Karatasi 500 zina kimo cha karibu sentimita 5, kwa hiyo kila karatasi ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Hicho ni kipimo ambacho kila stesheneri inacho.

Laza rula ya chuma juu ya kingo za kasha la filamu. Katikati ya rula na filamu pana uwazi. Ujaze kwa vipande vya karatasi mpaka rula ianze kunyanyuka, kisha ondoa kimoja na uhesabu. Fanya hivyo hivyo kwenye fremu ya kioo cha ukungu. Hesabu hizo mbili lazima zilingane. Kwangu, kioo kilidai karatasi 30, filamu ikadai 43. Tofauti ni karatasi 13, na hizo ndizo zilizouficha uso wa mzee.

Dawa yake ni ala ya bati. Kata bati la kopo, lile jembamba la kama robo ya milimita, kwa ukubwa ambao likishakunjwa litabaki sentimita 9 kwa 12. Kunja kingo tatu milimita mbili kwa ndani, ubaki mdomo mmoja wazi ambamo filamu itateleza kama panga kwenye ala yake. Piga msasa kingo zote, kwani bati hukwaruza filamu na hukata vidole. Kisha weka vipande vya manila nyuma ya ala, kimoja kimoja, mpaka hesabu irudi karatasi 30. Manila ikitosha, igandishe. Kuanzia hapo usiiguse tena.

Filamu yenyewe

Wengi wetu tunatumia filamu ya eksirei, kwa kuwa ni rahisi kuliko filamu ya picha, na kwa kuwa hospitali nyingi zimehamia kwenye mitambo ya dijitali. Ukubwa mmoja wa kawaida ni sentimita 18 kwa 24. Ukiukata mara mbili, unapata vipande vinne vya 9 kwa 12, huna hata ukanda wa kutupa. Boksi la karatasi 100 linakuwa picha 400. Kila kipande kipunguze milimita mbili ili kiingie kwenye ala.

Filamu hii ina tabia tatu. Kwanza, haioni rangi nyekundu, hivyo unaweza kuikata chini ya taa nyekundu. Ijaribu taa yako kwanza: weka sarafu juu ya kipande cha filamu kwa dakika tano, kisha kisafishe. Ukiiona alama ya sarafu, taa hiyo haifai. Pili, kwa sababu hiyo hiyo, udongo mwekundu hutoka mweusi, na ngozi zetu hutoka nyeusi kuliko zilivyo. Nikipiga uso wa mtu, huongeza mwanga maradufu ya ninaoutumia kwa mandhari. Tatu, filamu nyingi za eksirei zimepakwa dawa pande zote mbili, na dawa hiyo ikilowa ni laini kama utando wa uji. Isafishe kipande kimoja kimoja kwenye sahani yenye kitako laini.

Kioo cha ukungu

Kioo cha fremu ya picha cha milimita mbili kinatosha. Kata viwili. Nenda duka la vipuri vya magari ukanunue dawa ya kusagia valvu, ile laini. Weka kidogo katikati ya vioo hivyo pamoja na matone ya maji, kisha saga kwa mizunguko midogo kwa dakika 20, ukiongeza maji kila vinapokwama. Utapata vioo viwili vya ukungu, na hicho cha pili utakihitaji siku cha kwanza kitakapovunjika.

Upande uliosagwa utazame lenzi. Ukiugeuza nje, umeshakosea zaidi ya milimita moja kabla hujapiga picha yoyote, na tumeona milimita moja inavyofanya.

Mvukuto na uzi wa mafundo

Ngozi inayokunjwa kati ya lenzi na kioo naiita mvukuto, kwa kuwa hukunjuka na kujikunja kama mivukuto ya wahunzi. Wa kamera yangu ulikuwa umeoza pembeni. Niliushona upya kwa kitambaa cheusi cha mwavuli, tabaka mbili, katikati nikaweka mbavu za manila, nikagandisha kwa gundi ya raba. Fundi viatu aliyenisaidia pale Nyasho aliukunjua na kuukunja mara mbili tatu, akauliza kinanda hiki kinapigwaje.

Kuupima ni rahisi. Ingia chumbani usiku, washa tochi ya simu ndani ya mvukuto, tazama pembe zake. Kila nyota utakayoiona ni tundu. Liguse kwa gundi iliyochanganywa na masizi.

Mvukuto una hesabu yake pia. Kadiri unavyousogeza kwa kitu cha karibu, ndivyo mwanga unaofika kwenye filamu unavyopungua, na unapungua kwa mraba wa urefu. Badala ya kubeba kikokotoo, nilichukua uzi wa nyavu nikaufunga kwenye ubao wa lenzi, nikaupiga mafundo. Fundo la milimita 135 ni mwanga wa kawaida. La milimita 165 ni mara moja na nusu. La milimita 191 ni mara mbili. La milimita 270, ambapo kitu na picha yake vinalingana kwa ukubwa, ni mara nne. Nauvuta uzi hadi kwenye kioo, nasoma fundo lililo karibu. Uzi huo haunidai betri.

Mahameli

Kasha la filamu lina kipande chembamba kinachochomolewa kabla ya kupiga na kurudishwa baada ya kupiga. Mimi nakiita ulimi. Unapouchomoa, unaacha ufa, na mwanga hauombi ruhusa. Mafundi wa zamani waliweka mahameli nyeusi kwenye ufa huo, nywele zake zikaziba njia.

Mimi niliona mahameli ni urembo, nikaweka utepe wa plastiki. Nikapanda mlima Balili, Bunda, asubuhi yenye anga safi, upande mmoja Ghuba ya Speke, upande wa pili mbuga zinazoelekea Serengeti. Nilipiga picha sita. Zote sita zilitoka na mstari mweupe kutoka ukingoni hadi katikati, kama radi isiyo na mvua. Robo mita ya mahameli kwa muuza vitambaa ingeniepusha na kupanda mlima ule mara ya pili.

Kaniki, miguu na upepo

Ili uione taswira kwenye kioo lazima ujifunike. Kaniki mbili zinatosha, lakini chini ya jua la Mara utaungua humo ndani. Shona kitambaa cheupe upande wa nje, jua lirudishwe, na weusi ubaki ndani. Tundika mawe madogo kwenye pembe nne ili kitambaa kisipepee.

Kwa miguu mitatu ya mbao, fundi seremala atakuchongea. Mwambie tu skrubu. Kamera za zamani hutumia bolti ya inchi tatu ya nane, za baadaye robo inchi, na zote mbili zipo kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Chini ya miguu hiyo ning'iniza mfuko wa nyavu, utie jiwe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwani huja kujaza nafasi. Mvukuto ukipigwa na upepo huo hugeuka tanga. Mwaloni Mwigobero napiga asubuhi, kabla upepo haujageuka.

Si mambo mapya

Kuna watakaosema huku ni kuhangaika na makopo. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyepiga picha za wanyama usiku katika nchi hii mwanzoni mwa karne ya 20, alipiga kwa kamera za vioo na unga wa magnesiamu uliolipuliwa na mnyama mwenyewe alipogusa uzi. Kitabu chake kilichapishwa Leipzig mwaka 1905. Mitambo hiyo haikuwa ikiuzwa madukani. Ilibidi ibuniwe, iharibike, ibuniwe tena, na wapagazi Waafrika ndio walioibeba porini. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na studio ya aina hiyo iliishi kwa kazi ya mikono: kukata, kugandisha, kusafisha, kukausha.

Nilirudi kwa jirani yangu na kasha lenye ala na manila. Akaketi pale pale, bakora ile ile, kivuli kile kile, tundu lile lile la f/4.5. Safari hii macho yameshika, na fimbo ndiyo yenye ukungu. Picha ameitundika sebuleni.

Ikiwa nyumbani kwenu au kwenye studio iliyofungwa kuna kasha la mbao lenye mvukuto uliooza, usiligeuze kuni wala usimwachie muuza vyuma chakavu. Nunua rimu ya karatasi, uanze kuhesabu.

Wiki ijayo: kusafisha filamu kwa kahawa, magadi na vitamini C.