Kiharusi: Kwa nini asiyeweza kusema hutukana?

Siku moja binti mmoja alimleta babake katika kliniki yangu, machozi yakimlengalenga. Mzee alikuwa amepatwa na kiharusi majuma sita awali. Mkono na mguu wake wa kulia ulikuwa umepooza na hakuweza hata kuomba maji. Lakini uji ulipommwagikia, tusi lilimtoka, tena kwa matamshi safi kabisa.

"Daktari," binti akaniuliza, "kama matusi anayaweza, mbona jina langu limshinde? Mzee anatuchezea."

Nyumbani walikuwa wameamua kumpuuza hadi aache mchezo. Msomaji, mzee huyo hakuwa akimchezea mtu.

Ubongo una nusu mbili. Nusu ya kushoto huongoza upande wa kulia wa mwili, na ya kulia huongoza upande wa kushoto. Aidha, kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaotumia mkono wa kulia, kazi ya kutafuta maneno na kuyapanga hufanywa hasa na nusu ya kushoto. Mshipa wa damu ukiziba au kupasuka huko, mkono wa kulia hulegea na usemi hupotea pamoja nao.

Matusi hupitia njia nyingine. Mwaka 1861, daktari Mfaransa Paul Broca alimpima mgonjwa aitwaye Leborgne katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris. Kwa miaka mingi mtu huyo alijibu kila swali kwa neno moja, "tan". Hata hivyo, alipokasirika kwa kutoeleweka, kiapo kilimtoka bila shida. Alipofariki, Broca alikuta sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto ya ubongo wake imeharibika.

Baadaye daktari Mwingereza, John Hughlings Jackson, alitenganisha maneno tunayoyatunga ili kutoa habari na yale yanayotutoka yenyewe: viapo, salamu, sala tulizokariri. Wataalamu wengi huamini kwamba haya ya pili hutegemea zaidi nusu ya kulia na sehemu za ndani za ubongo. Mgonjwa hayachagui. Mwombe alirudie tusi lile na huenda akashindwa kabisa!

Kumbuka pia kwamba mgonjwa huyu si kiziwi, wala hajawa mtoto. Huenda asiyaelewe maneno yako yote, lakini mara nyingi sauti yako anaielewa vizuri sana. Akisikia dharau atajua ni dharau. Kwa hiyo usimpigie kelele. Tumia sentensi fupi, uliza swali moja linalojibika kwa kichwa, kisha subiri. Wengine huweza kuimba wimbo wanaoujua tangu zamani. Mwaka 1973 wataalamu wa Boston, Marekani, walieleza tiba ya kumfundisha mgonjwa kusema sentensi fupi kwa kuziimba huku akigongagonga kwa mkono wa kushoto. Haimfai kila mtu, lakini muulize mtaalamu wa tiba ya usemi.

Sasa tumgeukie mgonjwa ambaye kwa maoni yangu huonewa zaidi, kwa kuwa hakuna anayemshuku kuwa mgonjwa. Huyu kiharusi kimempiga nusu ya kulia. Mkono wa kushoto ni dhaifu, lakini anazungumza, na jamaa wanashukuru. Baada ya miezi michache mkewe analalamika: "Amekuwa baridi. Hanipendi tena."

Kilichoharibika ni muziki wa sauti. Fikiria manamba wa matatu amekupitisha steji yako, nawe unamwambia, "Asante, umenisaidia kweli!" Kila abiria anajua umekasirika. Mgonjwa huyu huenda akadhani unashukuru. Naye akifurahi au akifiwa, sauti yake ni ileile kavu.

Mwaka 1979 madaktari Elliott Ross na Marsel Mesulam wa Marekani walieleza habari za mwalimu wa shule aliyepatwa na hali hiyo. Hakuweza kutuliza darasa kwa sababu sauti yake haikuonyesha hasira hata alipokuwa nayo. Ilimbidi awaambie wanafunzi waziwazi kwamba amekasirika.

Nami humshauri mke wa mgonjwa kama huyo afanye vivyo hivyo. Usinune ukitarajia atambue. Mwambie, "Nimeudhika kwa sababu hukuniuliza." Mwombe naye ataje kwa maneno anachohisi.

Kuna hatari moja usiyofaa kuisahau. Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopatwa na kiharusi huingiwa na huzuni kubwa ya kimaradhi, ambayo ina dawa. Kwa mgonjwa wa nusu ya kulia huzuni hiyo haisikiki katika sauti. Mtazame anavyokula na anavyolala. Akiacha chakula au akikesha, mrudishe kwa daktari, hata kama anakuambia yu mzima.