MJI ULIOPOTEA MWISHO WA MTO WETU

Maji yanayopita katika mashamba ya mpunga ya hapa Rujewa hayaishii Usangu. Yanayosalia huingia Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na Kidatu, yakajiunga na Rufiji, na hatimaye kumwagika katika Bahari ya Hindi, ng'ambo ya kisiwa cha Mafia. Huko mwisho wa safari ya maji yetu ndiko baadhi ya wataalamu wanakodhani kulikuwa na mji wa Rhapta. Mji huo umeandikwa vitabuni kwa karibu miaka elfu mbili, lakini hadi leo hakuna aliyeuona.

Habari zake tunazipata kwa Wayunani. Aleksanda Mkuu aliasisi mji wa Aleksandria, nchini Misri, mwaka 331 kabla ya Kristo. Baada yake ukoo wa Ptolemy uliitawala Misri hadi Warumi walipoitwaa mwaka 30 K.K., lakini Kiyunani kiliendelea kuwa lugha ya wafanyabiashara na wasomi. Katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliandika kitabu cha kuwaongoza mabaharia. Humo aliitaja Rhapta kuwa soko la mwisho kusini mwa pwani hii.

Jina lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kushona, kwa sababu vyombo vya wenyeji vilishonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari. Wazee wa pwani hawahitaji mkalimani hapo. Hiyo ni mitepe, iliyosafiri katika bahari yetu hadi karne ya 20. Wageni walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo, wakaondoka na pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Karibu mwaka 150, mtaalamu wa jiografia wa Aleksandria, Klaudio Ptolemy, aliuita mji mkuu, akauweka kando ya mto, ndani kidogo kutoka baharini.

Je, mji mzima unapoteaje? Kilwa ilijengwa kwa mawe na chokaa, ndiyo maana magofu yake yamesimama. Nyumba za miti na udongo huoza. Tena mto Rufiji hubadili njia zake, hufukia kwa tope na kuota mikoko. Ndiyo maana wako wataalamu wanaoutafuta mji huo Rufiji, na wengine wanaoelekeza Pangani au karibu na Dar es Salaam.

Katika miaka ya 1990, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba sehemu za Rufiji na kupata shanga za kioo alizozitambua kuwa za Kirumi. Mwaka 2016 zikatoka habari za mawe yaliyopangika chini ya bahari karibu na Mafia, lakini hayajathibitishwa kuwa ni Rhapta.

Sokoni, shanga moja haiwezi kununua hata kibaba cha mchele. Thamani yake ni mahali ilipolala: ipo tabaka gani la udongo, pamoja na vigae gani na makaa gani, kwani makaa hupimwa umri wake. Ukiing'oa na kuitia mfukoni, umeinyamazisha milele.

Hilo latuhusu sisi wa nyanda za juu. Wako watu huku wanaochimbua vilima usiku wakisaka ati mali iliyofichwa na Wajerumani. Fedha hawaipati, ila huvunja vyungu na kutawanya mifupa ya wahenga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila kibali, na hulinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863.

Basi, ndugu zangu, jembe au tindo la kufyatulia matofali likigonga kigae cha ajabu, simamisha kazi, kiache palepale, umwarifu ofisa utamaduni wa wilaya. Wayunani walituandikia kurasa chache tu. Zilizobaki zimo ardhini, na hazina nakala ya pili.