Je, Wajua? Nesi aliyeingia Hollywood ukubwani

Je, wajua kwamba Kathryn Joosten, yule bibi mwenye ulimi mkali katika tamthilia ya Desperate Housewives, alikuwa nesi kabla ya kuwa mwigizaji? Alihudumia wagonjwa wa akili hospitalini Chicago, Marekani. Ndoa yake ilipovunjika mwaka 1980 akabaki na watoto wawili wa kulea, na alipotimiza miaka 42 ndipo akajitosa katika maigizo ya jukwaani ya mtaani kwao. Hakuwa na mjomba studioni. Alibandika karatasi za ukutani na kupaka rangi nyumba za watu ili mkono uende kinywani. Mwaka 1992 Disney ilimwajiri Florida, kazi yake kuwachekesha watalii barabarani. Mwaka 1995 akafungasha virago kwenda Hollywood, katika umri ambao wenzake wa wodini walikuwa wakihesabu miaka ya kustaafu.

(Mwigizaji Sydney Greenstreet alimzidi kwa kuchelewa: filamu yake ya kwanza, The Maltese Falcon ya 1941, aliicheza akiwa na miaka 61. Ila yeye jukwaa alilijua tangu ujana, kwa hiyo mimi bado nampa Joosten kombe.)

Joosten alipata umaarufu kama katibu wa rais katika tamthilia ya The West Wing, kisha Desperate Housewives ikamletea tuzo mbili za Emmy, 2005 na 2008. Mhusika wake alikufa kwa saratani katika kipindi cha mwisho, Mei 2012. Wiki tatu baadaye, saratani ikamchukua Joosten mwenyewe, akiwa na miaka 72.