Spea mbovu, au fundi mbovu?

Msomaji, kama una jamaa huko Bungoma au Kitale, bila shaka umekwisha kulisikia lalamiko hili. Gari limetoka Nairobi likiwa zima, likapita Webuye na Chwele bila taabu, lakini lifikapo Lwakhakha, kando ya mto unaotutenganisha na Uganda, linalia kama kitanda kikuukuu. Mwenyewe anaapa kwamba bushi zilitiwa mpya mwezi uliopita tu. "Spea za siku hizi ni karatasi," analalama, na wote walio karibu wanamuunga mkono.

Mara nyingine ana haki. Spea bandia zipo, na zinaua. Chukua pedi za breki. Katika zile bandia, sehemu inayosugua huenda imebandikwa kwa gundi hafifu kwenye kibati chake. Breki zikishika moto, gundi huachia na kubaki chuma kwa chuma. Sasa fikiria unateremka kutoka Mlima Elgon, watoto watatu wamelala kiti cha nyuma.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwatupia wenye maduka lawama zote. Bushi ni mpira uliobanwa katikati ya vyuma. Fundi hulipandisha gari kwa jeki, magurudumu yakining'inia, akatia bushi mpya na kukaza bolti papo hapo. Gari likishushwa, ule mpira husokoteka, na hukaa hivyo mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Utakatika tu, hata kama ulitoka Japani kwenyewe! Bolti hizo hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake lenyewe. Kazi ya dakika chache, lakini ni mafundi wangapi wa kando ya barabara wanaoifanya?

Na wewe mwenye gari je? Kuna mtindo wa kuinua magari madogo kwa kuyatia vipande vya chuma juu ya springi ili yasiguse mawe. Gari huinuka, ndiyo, lakini ekseli za mbele hukaa kimshazari, na mipira inayofunika viungo vyake hupasuka upesi. Grisi inatoka, vumbi linaingia. Siku chache baadaye, ukikata kona, unasikia ka-ka-ka. Wengine nao hupakia watu tisa na gunia la mahindi ndani ya Probox iliyoundiwa watu watano, kisha wakashangaa shoki zimekufa.

Ni kweli pia kwamba kuna kasoro zinazotoka kiwandani. Kampuni ya Takata ya Japani ilifilisika mwaka 2017 baada ya kugunduliwa kwamba kemikali ya kufumulia mifuko yake ya hewa huharibika kwa joto na unyevu, na mfuko unaweza kulipuka na kurusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari yaliitwa yarekebishwe. Kama gari lako liliuzwa mitumba, tumia nambari ya chesisi kumwuliza mtengenezaji kama lilihusika.

Kwa upande wa sheria, Mkenya hayuko uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ilipitishwa 2012. Tatizo ni risiti. Ukimpa fundi pesa akakununulie spea, naye akarudi na kitu kilichofungwa kwa gazeti, utamshtaki nani? Nenda naye dukani, lipa mwenyewe, na udai risiti yenye jina la duka. Na kumbuka kwamba duka la ng'ambo ya mto liko chini ya sheria za nchi nyingine.

Halafu lile kasha tupu la spea halisi, lirarue kabla ya kulitupa. Wapo wanaoyatafuta.