Dereva wa Lori na Akiba ya Mafuta

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena juu ya malori ya safari ndefu, kama yale yatokayo Dar es Salaam hata Tunduma. Wako madereva ambao, wakirudi na kuteremka Mlima Kitonga, hutoa gia na kuliacha gari lijiendee, wakidhani kwamba wanaweka akiba ya mafuta. Hesabu hiyo si sahihi. Injini ya dizeli iliyotolewa gia hudai mafuta ili isizimike. Lakini ikiwa katika gia, na dereva ameondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yaizungushayo, nayo haipewi mafuta. Tena injini hulizuia gari, breki zisipate moto zikashindwa kazi. Basi aliyetoa gia amepoteza mafuta, na pengine atapoteza roho yake na za wenziwe.

Akiba ya kweli ni hii. Tupunguze mwendo, kwa kuwa mwendo ukizidi mara 2, upepo hulipinga gari mara 4. Magurudumu tuyajaze kwa kipimo chake, maana gurudumu legevu ni zito kulisukuma. Tena tukisimama kwa muda, tuzime injini.